Kituo cha redio kiunoni: maiki isiyo na waya na mahali pa kutafuta kosa

Jumamosi moja, kanisani, hapa Arusha, nilimfunga bwana harusi maiki ndogo kwenye ukosi wa koti, transmita nikaibana kwenye mkanda wake kwa nyuma. Majaribio ya asubuhi yalikwenda vizuri. Zamu ya viapo ilipofika, nimekandamiza hedifoni masikioni, bwana harusi akafungua mdomo, na mimi nikamsikia mwanakwaya akimwambia mwenzake asogeze kiti. Sauti safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Kiapo chenyewe sikukipata. Tulikuja kukiokota kwenye video ya simu ya shemeji yake aliyekuwa amekaa mstari wa mbele.

Kijana aliyekuwa akinisaidia kwenye kamera ya pili alitoa hukumu palepale: "Kaka, hii maiki feki." Haikuwa feki. Asubuhi, wakati najaribu, maiki za kwaya zilikuwa kabatini zimezimwa. Ibada ilipoanza zikawashwa, na mojawapo ilikuwa imekaa kwenye masafa yaleyale niliyochagua mimi, yaani namba ileile ya kituo hewani. Risiva, yaani kipokezi, ya FM ikikuta vituo viwili kwenye masafa mamoja haivichanganyi kama mboga; humshika mwenye nguvu na kumnyamazisha mwingine. Mwanakwaya alikuwa hatua tano kutoka kwenye risiva yangu. Bwana harusi alikuwa hatua ishirini, amenielekezea uso, transmita iko mgongoni na mwili wake wote umeziba katikati. Nani angeshinda?

Tumezoea kusema "maiki isiyo na waya" kana kwamba ni maiki ya kawaida ambayo mtu ameikata waya akauweka pembeni. Kumbe umemvalisha mtu kituo cha redio. Ndani ya kiboksi kile cha ukubwa wa pakiti ya sigara mna studio, mna mtambo wa kurushia, mna antena, na kituo chote hicho kina msikilizaji mmoja tu, yaani risiva iliyo juu ya kamera yako. Kituo hicho kinaweza kuharibikiwa studioni, kinaweza kuharibikiwa hewani, na msikilizaji naye anaweza kuwa na redio mbovu. Ni matatizo matatu tofauti, na ukisikiliza vizuri kila moja lina sauti yake. Kosa la studioni husikika kama kupasuka, kukwaruza au mtikisiko wa nguo. Kosa la hewani husikika kama kukatika, au kuvamiwa na watu usiowajua. Kosa la msikilizaji, yaani njia ya kutoka kwenye risiva kwenda kwenye kamera au miksa, mara nyingi ni mvumo usiokwisha chini ya maneno, ssssss, kama bomba la maji lililoachwa wazi chumba cha pili.

Nimeona mtu akinunua antena mpya kwa ajili ya tatizo la kitenge.

Hewani kuna wenyewe

Mitambo mingi ya wataalamu hurushia kwenye UHF, eneo la mawimbi mafupi ya redio, kati ya megahezi 470 na 694. Eneo hilo ni la televisheni. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia, na Arusha na Moshi zikafuata mwaka 2013. Tangu hapo kilichoko hewani ni mawimbi ya kidijitali, yale yanayonaswa na ving'amuzi vya antena. Kila chaneli ya televisheni ina upana wa megahezi 8: ya 21 inaanzia 470, ya 27 inakaa kati ya 518 na 526, na ya 48 inaishia 694. Chaneli ya kidijitali hujaza upana wake wote kama debe la mahindi lililopigwa bapa. Hakuna upenyo wa kujibana. Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta chaneli ambayo mahali ulipo haina kituo, na kuishi humo.

Mtambo wako hauwezi kuzunguka eneo lote. Angalia kibandiko. Sennheiser, kwa mfano, hutumia herufi: kwenye mitambo yao ya G3 na G4, A ni kuanzia 516 hadi 558, G ni 566 hadi 608, B ni 626 hadi 668. Ni dirisha la megahezi 42, chaneli tano na kidogo. Transmita ya A na risiva ya B hazitaonana hata ukizilaza kitanda kimoja, na wapo walionunua nusu nusu kwa wauzaji wawili kwa sababu sura ni ileile.

Hapa niseme kidogo kuhusu mitumba. Marekani ilipiga marufuku maiki kwenye eneo la 700, yaani 698 hadi 806, tangu tarehe 12 Juni 2010, na sehemu kubwa ya eneo la 600 tangu tarehe 13 Julai 2020, kwa sababu maeneo hayo yalipewa mitandao ya simu. Mitambo ya zamani ya huko bado inauzwa mtandaoni kwa bei inayotia tamaa. Ya 600 bado ni eneo la televisheni huku kwetu, lakini ile ya 700 ni eneo la simu hapa pia, na minara ya simu Arusha hata mtoto anaweza kukuhesabia. Msimamizi wa masafa yote nchini ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambao pia ndio wanaoidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano. Ulizia kwao kabla ya kulipa. Baada ya kulipa utakuwa unaulizia majuto.

Ukishajua dirisha lako, risiva nyingi za UHF zina uwezo wa kuskani. Zima transmita zako zote kwanza, skani, risiva ikuonyeshe masafa matupu. Washa ya kwanza, iweke kwenye tupu mojawapo. Halafu skani tena huku ya kwanza ikiwa imewaka, ndipo uwashe ya pili. Watu huziwasha zote kwa pamoja wakashangaa risiva inasema hewa imejaa. Imejazwa na wao wenyewe. Na skani hiyo ni ya pale na saa ile. Mpango uliofanya kazi Njiro, hapa Arusha, hauna maana yoyote Moshi, kilomita themanini mbele, na kama kisa changu kinavyoonyesha, mpango wa saa mbili asubuhi unaweza usiwe na maana saa tano. Siku hizi nikifika kanisani au ukumbini namtafuta fundi mitambo wa pale kabla sijafungua begi, namsalimia, nambembeleza awashe maiki zake zote dakika mbili. Ni dakika mbili zinazolipa kuliko lenzi mpya.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani kwenye skani, nao huwapata zaidi wanaotumia transmita tatu au zaidi. Transmita mbili zikikaribiana sana, mawimbi ya kila moja huingia ndani ya mwenzake, na humo huzaliwa masafa ambayo hakuna mtu aliyeyawasha. Hesabu yake ni rahisi: chukua moja, zidisha mara mbili, toa nyingine. Tuseme bwana harusi yuko 520.0 na bibi harusi yuko 520.4. Mara mbili ya 520.4 ni 1040.8; toa 520.0, inabaki 520.8. Sasa wewe, kwa kupenda mpangilio, mchungaji umempa 520.8. Maharusi wakiwa mbalimbali hakuna shida. Wanapoambiwa wasimame karibu, washikane mikono, transmita zao zinagusana viunoni, na maiki ya mchungaji inaanza kuguguna. Ukipanga masafa kwa hatua sawa kama ngazi, umemtengea kiti mgeni ambaye hukumwalika. Watengenezaji wameshapiga hesabu hizi: kwenye menyu utakuta makundi, au benki, ambamo masafa yamepangwa kwa hatua zisizo sawa kwa makusudi. Chagua benki moja, kaa humo na transmita zako zote. Usichukue moja huku na moja kule.

Migomba

Wengi wa wanaoanza hawatumii UHF. Wanatumia zile ndogo za kubana shatini, Rode, DJI na ndugu zao, zinazorushia gigahezi 2.4. Ni nzuri, sizidharau, na ninazo. Zinaruka zenyewe kutoka masafa hadi masafa, huna haja ya kuskani. Lakini eneo hilo la 2.4 ndilo la waifai na bluetooth, na lina udhaifu mmoja ambao nilifundishwa na shamba la migomba.

Tulikuwa Uru, juu ya Moshi, tunamrekodi bibi mmoja akieleza habari za kahawa ya zamani. Mwongozaji alitaka picha ya bibi akitembea kihambani, shambani kwake pale nyumbani, akipotelea kwenye migomba huku akiongea, kamera ibaki uani. Mvua ilikuwa imetoka kukatika na majani yanadondosha. Nilikuwa na transmita ndogo ya 2.4 ambayo boksi lake linasema mita 200. Bibi alifika kama mita kumi na tano, akapita nyuma ya shina la pili, sauti ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Akajitokeza, ikarudi. Akapita shina jingine, ikakatika.

Mgomba ni maji yaliyosimama. Mwili wa binadamu nao ni maji kwa zaidi ya nusu yake. Mawimbi ya 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu, na maji huyameza kwa ulafi. Mawimbi ya megahezi 600 yana urefu wa nusu mita. Nayo humezwa, ila hupinda na kuzunguka vikwazo kwa urahisi zaidi. Nilimvua bibi ile ndogo, nikamvika ya UHF, akatembea mpaka kwenye mfereji na kurudi, na nilipoteza neno moja tu. Mita 200 za kwenye boksi ni za uwanja mtupu, watu wakitazamana. Ongeza na hili: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo. Kutoka mita 10 hadi 20 hujapoteza nusu, umepoteza robo tatu.

Shamba lile ndilo lililonifanya nielewe kumbi za harusi. Unajaribu asubuhi, ukumbi mtupu, unatembea mpaka mlangoni, sauti safi. Usiku wanaingia wageni mia tatu, yaani mia tatu ya mifuko ya maji, kila mmoja na simu mfukoni yenye bluetooth na wengine wamewasha hotspoti. Ule ukumbi wa asubuhi haupo tena. Kwa hiyo ukijaribu, jaribu kwa ubaya: mvishe mwenzako transmita, mwambie akugeuzie mgongo, aiwekee kiganja, aende mbali mara mbili ya pale MC atakaposimama. Ikihimili hivyo, usiku utalala.

Nafasi ya risiva ni dawa ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayosahaulika. Wengi huiacha juu ya kamera hata kama kamera iko nyuma kabisa ya ukumbi. Ipandishe juu ya stendi, juu ya vichwa vya watu, iione transmita, na kutoka hapo shusha waya wa sauti hadi kwenye kamera. Refusha waya, fupisha hewa. Risiva za UHF zilizo nzuri zina antena mbili, na si kwa urembo: mawimbi hugonga ukuta na bati yakarudi, na yakikutana na wenzao kinyume huuana, pakabaki shimo dogo lisilo na sauti. Ndiyo maana mhusika akisogea kidogo tu, sauti inarudi. Antena ya pili ikiwa pembeni ya ya kwanza, mara nyingi haimo shimoni. Usizikunje zote mbili upande mmoja. Ziachanishe ziwe kama masikio ya sungura.

Na antena ya transmita, ule mkia mdogo wa kama sentimita 14, urefu wake umepimwa kulingana na mawimbi. Ukiukunja ndani ya mfuko wa suruali pamoja na funguo, au ukiusokomeza chini ya mkanda ukagusa ngozi yenye jasho, umeziba mnara wako mwenyewe.

Studioni mwa kituo

Sasa turudi mwanzo wa njia, kabla sauti haijawa mawimbi. Makosa ya huku ndiyo mabaya zaidi kwa sababu hayarudishiki. Sauti ikipasuka ndani ya transmita, hata ukipunguza kwenye kamera utapata sauti iliyopasuka kwa upole. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kipimo cha kidijitali kina dari, nayo ni sifuri. Ukigonga dari, kichwa cha wimbi kinakatwa. Mimi huweka mtu anapoongea kawaida agonge kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, akicheka afike 6. Lakini mtu ukimwambia "hebu sema moja mbili tatu" atakunong'onezea kwa aibu, utaweka geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, juu, na kamera ikiwashwa atakupigia kelele. Muulize ametoka wapi leo na njia ilikuwaje. Atasahau maiki. Kwa maharusi nashusha chini zaidi ya hapo, kwa sababu ya vigelegele. Hutamvisha shangazi maiki, ila shangazi atakuja kumkumbatia bibi harusi na kupiga vigelegele vyote juu ya kifua chenye maiki yako. Matarumbeta vilevile. Mitambo mipya yenye kurekodi kwa biti 32 husamehe mengi, lakini haiwezi kusamehe kilichopasuka ndani ya maiki yenyewe. Kama mtambo wako una njia ya pili ya akiba inayorekodi chini kidogo ya ile kuu, iwashe na uisahau.

Pa kuiweka maiki: shubiri moja chini ya kidevu, katikati ya kifua. Ukiiweka kwenye ukosi wa kushoto na mtu akageukia kulia, sauti inageuka naye. Nguo ndiyo adui wa kweli. Kitenge kipya chenye wanga kinalia kama gazeti. Shuka la Kimaasai lenyewe ni zuri, halina kelele. Kelele ni ya shanga, kila akivuta pumzi zinagongana, na hakuna programu itakayokutolea mlio ule bila kuchukua na maneno. Kwa mzee mmoja wa Kimaasai tuliyemrekodi Monduli tulikubaliana naye, kwa idhini yake, maiki ikae chini ya ukingo wa shuka begani, juu ya shanga, nayo ikashikwa na plasta ya hospitali. Plasta hiyo ya duka la dawa, ile ya kitambaa, ni bora kuliko tepu nyingi za ghali. Acha kitanzi kidogo cha waya chini ya maiki na ukibane kwa plasta ya pili, ili mvuto wa waya uishie kwenye kitanzi usifike kwenye maiki.

Duka la dawa lina msaada mwingine, na naomba wasomaji wenye haya wanisamehe. Masika ya Moshi yakikukuta nje, kondomu isiyo na mafuta huivaa transmita vizuri kabisa na mawimbi hupita humo bila shida. Mafundi wa sauti wa dunia nzima hufanya hivyo. Chukua risiti, kisha ujiandae kumweleza mhasibu wa mradi.

Kuna mlio mmoja unaowachanganya watu: ti-ti-ti-diii, kisha simu inaita. Wengi husema "mtandao umeingia kwenye masafa". Haujaingia hewani. Simu iliyo kwenye 2G hurusha kwa vipigo, na vipigo hivyo huingia kwenye waya mwembamba wa maiki kabla haujafika kwenye transmita. Kubadilisha masafa hakutasaidia kitu. Bwana harusi ampe msimamizi simu yake, basi.

Betri nazo zinaangusha kazi kimyakimya. Mitambo mingi hutumia AA, zile za saa ya ukutani, na zile za bei chee zinazopangwa sokoni zinafaa kweli kwa saa ya ukutani. Transmita inakula zaidi. Nunua alkalaini, au za kuchaji, ila za kuchaji zina volti 1.2 wakati alkalaini mpya ina 1.5, na mstari wa betri kwenye skrini utakudanganya kama hukuuambia mtambo umeweka aina gani. Ya kuchaji hukaa palepale muda mrefu, halafu hudondoka ghafla kama mlevi. Mimi hubadilisha zote kabla ya kiapo, hata kama zinasema zimejaa nusu. Zilizotoka huenda kwenye tochi.

Mwisho wa njia

Kwenye kamera, kosa linalojirudia ni moja: geini ya kamera iko juu na risiva iko chini. Kikuza sauti (priampu) kilichomo ndani ya kamera nyingi ni dhaifu, na ukikitegemea ndipo ule mvumo wa bomba la maji unapoanzia. Fanya kinyume. Pandisha sauti itokayo kwenye risiva, shusha ya kamera hadi karibu na chini kabisa, na angalia kwamba risiva haijazidi kiasi ambacho tundu la maiki la kamera linaweza kupokea. Halafu zima geini ya otomatiki. Ikiwashwa, mtu akinyamaza kutafuta neno, kamera inadhani sauti imepungua na inapandisha kila kitu. Unasikia jenereta la jirani linakuja mbio, mtu akianza tena linakimbia. Haisafishiki.

Waya wenyewe uhesabu pete nyeusi kwenye pini yake. Mbili ni za kamera, tatu ni za simu. Ukichomeka wa simu kwenye kamera unaweza kupata sauti nyembamba, au kelele, au usipate chochote, na ukamlaumu mtengenezaji wa transmita bure.

Studio ndogo niliyowahi kuisaidia Njiro ilikuwa na shida ya aina yake. Walirekodi mazungumzo ya watu wawili, mmoja kwa maiki ya mezani yenye waya, mwingine kwa ya kidijitali isiyo na waya, na sauti zote zikatoka kama watu wako ndani ya pipa. Walibadilisha mapazia, wakaongeza godoro ukutani. Tatizo lilikuwa muda. Mitambo ya kidijitali huchukua milisekunde chache kuifunga sauti na kuifungua, na sauti hewani husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde. Transmita ikichelewa milisekunde 6, ni sawa na maiki iliyowekwa mita mbili nyuma. Maiki ya mezani ilikuwa inamsikia pia yule wa pili, sauti yake ikifika mara mbili kwa nyakati tofauti, zikalana. Waliichelewesha ile ya waya kwenye miksa kwa kiasi hichohicho na pipa likatoweka. Kwenye picha kuchelewa huko hakuonekani, kwa sababu fremu moja katika video ya fremu 25 ni milisekunde 40. Mchanganyo wa waya na hewa ndio unaokufichua.

Yule bibi wa Uru hakuwa mtu wa kuvishwa ovyo. Tulipofika tulimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia "Marahaba wajukuu zangu," na nilipotoa waya akaniangalia mkono. Nikampa mjukuu wake wa kike maiki na plasta, nikamweleza pa kuipitisha, nikatoka nje. Huo ndio utaratibu wangu kwa mama yeyote, na kazi hutoka nzuri kuliko ningeifanya mwenyewe kwa haraka na aibu. Baada ya picha ya migombani alituaga kwamba anakwenda kuwatupia ng'ombe majani. Nikasahau kuzima. Niko uani nakunja stendi, hedifoni bado shingoni, nikasikia kwa mbali sauti yake safi ya UHF ikitoka zizini: "Hawa watoto wamenifunga waya kuanzia shingoni mpaka kiunoni, halafu wananiambia hii ndiyo isiyo na waya." Mjukuu akacheka mpaka kipimo kikagonga sifuri.

Nikakimbia kwenda kuizima.